Tunalo Jambo: shajara ya kuandika hadithi ya wageni kutoka nyota nyingine

Siku ya 1

Nimeanza rasmi leo. Muswada nauita *Tunalo Jambo*, hadithi ndefu ya kuchekesha kuhusu binadamu wanaofikiwa na wageni kutoka nyota nyingine. Nimepanga sura kumi na mbili. Shajara nitaiandika kila ninapokuwa na la kuandika, nisije nikasahau nilipitia wapi kufika nitakakofika.

Chanzo chake ni sahani ya dhahabu. Mwaka 1977 vilirushwa vyombo viwili vya angani, Voyager 1 na Voyager 2, na kila kimoja kikabeba sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye sauti na picha za dunia kwa ajili ya yeyote atakayeiokota huko mbali. Mna salamu za lugha 55. Kiganda kimo, Kinyanja kimo, Kisotho kimo, hata Kisumeri kimo, na wasemaji wake walikwisha maelfu ya miaka iliyopita. Kiswahili hakimo.

Nilipolijua hilo mara ya kwanza sikukasirika. Nilijiuliza tu: kingekuwamo, kingesema nini? Nikazisoma salamu za wenzetu moja moja. Nyingi zinatakia amani na heri. Iliyonikaa moyoni ni ya Kichina cha Amoy. Inawaita marafiki wa angani, inawajulia hali, inawauliza kama wameshakula, kisha inawaalika waje kututembelea wakipata nafasi. Yule msemaji aliuliza, na anayeuliza ajiandae kujibiwa.

Salamu yetu nayo ni swali. Hamjambo ni ham-, yaani ukanushi, pamoja na jambo. Hamna jambo? Sisi tunaolitumia neno hili kutwa kucha hatulisikii tena likiuliza, maana jibu liko mdomoni kabla swali halijaisha. Lakini mtu anayelipokea kwa mara ya kwanza, kamusi mkono mmoja na kitabu cha sarufi mkono wa pili, ataona kwamba watu hawa wanataka kujua kama ana jambo. Atakaa. Atafikiri. Na akiwa mkweli atajibu kadiri hali ilivyo.

Tunalo.

Hadithi yangu ni hiyo, yote imo mle.

Siku ya 3

Hesabu za umbali. Wageni wangu nawatoa Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko nyingine zote ukiliacha Jua. Iko umbali wa miaka ya nuru 4.2 na kidogo, na mwaka 2016 wanaastronomia walitangaza kwamba ina sayari, ikaitwa Proxima b. Mawimbi ya redio huenda kwa kasi ya nuru, kwa hiyo salamu ikiondoka leo itafika baada ya miaka minne na robo, na jibu lisipocheleweshwa hata dakika moja, kwenda na kurudi ni miaka minane na nusu.

Kwa mwandishi wa vichekesho sijui zawadi kubwa kuliko hii. Watu wanasubiri miaka minane na nusu, linakuja neno moja: Tunalo. Jambo lenyewe halijatajwa. Kuuliza "jambo gani?" ni miaka minane na nusu mingine, na kuuliza kwenyewe kuna utaratibu. Akademia ya Kimataifa ya Sayansi ya Safari za Anga ilitoa mwaka 1989 mwongozo wa nini kifanyike ishara ya viumbe wengine ikipatikana, na mojawapo ya mambo yaliyomo ni kwamba jibu lisitumwe kabla ya mashauriano ya kimataifa. Ni mwongozo wa busara, nami ninauheshimu. Katika sura ya 3, mashauriano juu ya swali lenye maneno mawili yanachukua miaka sita, na kila mjumbe anayechelewesha ana sababu nzuri. Nimehakikisha kila sababu ni nzuri kweli. Mmoja anasema tukiuliza "jambo gani" watadhani hatuwaamini. Mwingine anasema tusipouliza watadhani hatujali. Nilipokuwa naandika mabishano yao nilijikuta nimekubaliana na wote wawili.

Safari yao pia nimeipiga hesabu. Voyager 1 inaenda kilomita 17 kwa sekunde, na kwa mwendo huo umbali wa kufika Proxima ungeichukua zaidi ya miaka 70,000. Wageni wangu nimewapa sehemu moja ya kumi ya kasi ya nuru, yaani miaka 42 njiani. Mkalimani wangu alituma "Hamjambo" akiwa na miaka 24. Ukijumlisha na miaka minne na robo ya salamu kuwafikia, chombo kinatua akiwa na 70. Ameishi maisha yake yote na lile neno moja.

Siku ya 4

Sura ya 1 imekamilika kwa kikao kimoja. Maneno 2,100. Siigusi tena mpaka mwisho.

Siku ya 6

Leo ngeli zimenifanyia kazi ambayo nisingeiweza peke yangu.

Nilihitaji tukio ambamo binadamu wanaamua kama waliotuma jibu ni viumbe hai au ni mitambo. Nilikuwa nimeandaa mdahalo wa kurasa ishirini wa wanabiolojia. Nikaanza na rasimu ya taarifa yao rasmi: "Kiumbe hiki kimejibu." Nikasimama hapo hapo, maana sikio lilikataa. Simba ni huyu. Kipofu ni huyu. Kiumbe naye ni huyu, japo umbo la neno linataka hiki. Sarufi yetu ilishaamua zamani kwamba chenye uhai, kiwe kimevaa kiambishi chochote kile, kinaingia katika ngeli ya watu na kutembea nao.

Kurasa ishirini nikazitupa. Tukio lenyewe sasa ni fupi. Karani anayepiga chapa taarifa anafika kwenye "hiki", vidole vyake vinabaki vimeinuliwa juu ya vibonye. Anafuta. Anaandika "huyu amejibu". Mwenyekiti anamuuliza kwa nini amebadilisha uamuzi wa kamati, ambao kwanza haujafikiwa. Karani anamwambia, "Kitu hakijibu. Aliyejibu ni huyu." Kamati inatafuta hoja ya kumpinga, inakosa, taarifa inatoka. Dunia nzima inawapokea wale viumbe kama watu kwa sababu mtu mmoja alikuwa na sikio zuri la lugha.

Halafu kuna neno mgeni. Asiyejulikana ni mgeni, na aliyefika kututembelea ni mgeni. Nilikuwa nimejiwekea siku nzima ya kuwatafutia jina la kubuni. Sikulihitaji.

Siku ya 11

Hii nitaiandika kwa kirefu, maana leo nimecheka peke yangu chumbani mpaka nikalazimika kusimama.

Proxima b huizunguka nyota yake kwa siku 11.2 tu. Huo ndio mwaka wao. Mtu mwenye miaka 2,000 kwa hesabu ya kule ana miaka 61 kwa hesabu ya kwetu. Mwenye miaka 300 ana tisa na miezi kadhaa. Nilipoiandika hiyo tisa kwenye karatasi niliiona sura ya 6 yote imesimama mbele yangu.

Wageni wanashuka na mtoto. Amezaliwa ndani ya chombo, wazazi wake wana kazi za kutua, hawana wa kumwachia. Anaketishwa ukumbini ili asipotee. Kamati ya mapokezi inauliza umri wa kila mmoja kwa ajili ya kumbukumbu, na inapofika kwake inaambiwa mia tatu na mbili.

Nanukuu rasimu ilivyo sasa:

Mwenyekiti alisimama, akafunga vifungo vya koti.

"Mheshimiwa, tumeambiwa umeishi miaka mia tatu."

"Na miwili."

Ukumbi ukanyamaza.

"Katika miaka yote hiyo, ni lipi kubwa ulilojifunza?"

Mgeni alifikiri. "Kugawanya," akasema.

Kalamu zote zikaenda kwa pamoja. Mwanafalsafa wa kamati alilipigia neno lile mstari, kisha wa pili.

"Kugawanya," mwenyekiti akarudia taratibu. "Na je, umeshafika mwisho wake?"

"Bado. Kukiwa na baki napata tabu."

Mwanafalsafa akavua miwani, machozi yakimlenga. "Wanaobaki," akanong'ona. "Miaka mia tatu, na bado anawahangaikia wanaobaki."

Mkalimani peke yake ndiye aliyetazama chini ya meza. Miguu ya Mheshimiwa haikufika sakafuni, na alikuwa anaichezesha.

Hapo nilikuwa nimeridhika. Kisha nikapiga hesabu kwa upande wa pili, na huu ndio uliokuwa bora zaidi. Mtoto naye anauliza. Anamuuliza mkalimani ana miaka mingapi, anaambiwa sabini. Sabini kwa hesabu ya mtoto ni miaka yetu miwili na kidogo!

Mtoto alimtazama kitambo. "Na tayari unaongea vizuri namna hii?"

Akakivuta kikombe cha maji kilichokuwa ukingoni, akakisogeza katikati ya meza kisipate kuanguka. Kisha akakinyanyua yeye mwenyewe, akamkabidhi. "Shika polepole, mdogo wangu. Mikono yote miwili."

Mkalimani akakishika kwa mikono yote miwili.

Sijui kama nitaandika tena kitu ninachokipenda kuliko kile kikombe. Upande mmoja unamwona mzee wa kale, upande wa pili unamwona mtoto mchanga, na kila mmoja anamtendea mwenzake mema yanayostahili alivyomwona.

Siku ya 12

Nimeisoma ya jana asubuhi. Bado inachekesha. Nimefuta vielezi vitano.

Siku ya 17

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii imekuwa inanizunguka kichwani tangu mwanzo, na nilijua nikiiingiza ovyo itakuwa pambo tu. Leo imepata kazi.

Sayari iliyo karibu mno na nyota yake huvutwa mpaka mzunguko wake unalingana na mwaka wake, ikawa inaielekezea nyota uso ule ule sikuzote, kama Mwezi unavyotuelekezea sisi uso mmoja. Proxima b inadhaniwa iko hivyo, nami katika hadithi nimeifanya iko hivyo. Upande mmoja mchana usioisha, upande wa pili usiku usioisha, katikati ukanda wa machweo yaliyosimama. Kwao hakuna siku. Neno siku wamelisoma katika kamusi yetu na kulikariri, wakajua maana yake, basi. Ndani ya chombo taa hazizimwi. Wanasayansi wao wanajua kwa hesabu kwamba dunia inajizungusha, lakini abiria hawakuambiwa, maana hakuna aliyefikiri kwamba ni habari ya kumpa mtu.

Wanatua adhuhuri. Jioni jua linaanza kuzama.

Wageni wanaliona linashuka. Linakuwa jekundu. Linakatika nusu. Wanatazamana: tumefika siku ya msiba wao. Kisha wanawaona wenyeji wanaendelea kukunja viti na kuongea kwa sauti za kawaida, na wanashikwa na heshima kubwa kwa watu hawa wanaopoteza nyota yao kwa ujasiri kiasi kile. Wanaamua kutowaacha peke yao. Wanatoka chomboni wote, mia mbili na kumi, wanakaa gizani na wenyeji mpaka asubuhi, kila mmoja akiwa ameshika mkono wa mtu. Wenyeji hawajui kwa nini wanashikwa mikono, ila hakuna aliyeutoa wake.

Jua likachomoza. Nimeandika aya nzima ya furaha yao, nikaifuta, nikabakiza sentensi moja: "Waliwapongeza wenyeji mmoja mmoja, na wenyeji, bila kujua wamefanya nini, walishukuru."

Jioni ya pili wanashtuka tena, ila kidogo. Jioni ya tatu wanalitazama linazama, wanageuka na kuomba jembe.

Siku ya 24

Wiki nzima sikuandika sura, nimesoma historia. Nilitaka kujua binadamu wa kweli walikoseaje walipodhani wamewaona au kuwasikia viumbe wengine, kwa sababu kosa la kweli lina sura ambayo kosa la kubuni halina.

Mwaka 1877 Giovanni Schiaparelli wa Italia aliichora Mirihi akaona mistari, akaiita *canali*. Neno hilo kwa Kiitaliano hubeba hata mikondo ya asili. Lilipovuka kuingia Kiingereza likawa mifereji ya kuchimbwa, na mfereji wa kuchimbwa una mchimbaji. Percival Lowell alijenga kituo cha kutazamia nyota huko Flagstaff, Arizona, mwaka 1894, akatumia miaka kuchora mifereji ya wakulima wa Mirihi wanaookoa sayari inayokauka. Mwaka 1965 chombo Mariner 4 kilipita karibu kikapiga picha. Hakuna mfereji. Tofauti kati ya mkondo na mfereji, basi, iliwapa watu sayari nzima yenye wakulima. Mkalimani wangu ameipata hofu yake humo. Katika sura ya 2 anaiweka picha ya ramani ya Lowell ukutani juu ya meza yake, na kabla ya kutuma "Hamjambo" anaitazama usiku kucha.

Ya pili inatoka Australia, kwenye dishi kubwa la redio la Parkes. Kwa miaka kadhaa lilikuwa linapokea milipuko mifupi ya ajabu. Watafiti hawakuipuuza wala hawakuitangaza kuwa ni salamu, waliifuatilia kwa subira mpaka mwaka 2015 wakampata mhusika: maikrowevu ya hapo hapo kituoni, mlango wake ukifunguliwa kabla haijamaliza kupasha. Mtu ana njaa, hawezi kungoja sekunde chache, na dishi linasikia.

Nawapenda watu wale wa Parkes kwa dhati. Wangeweza kuficha. Waliandika, wakachapisha. Nimejiwekea sharti kutokana nao: katika hadithi hii hapana mjinga. Kila anayekosea anakosea kwa bidii na kwa akili, akiwa na ushahidi mkononi. Nimerudi sura ya 5 nikamwondoa jenerali aliyekuwa anapiga kelele. Alikuwa anachekesha, ila alikuwa mjinga, na kicheko chake hakikuwa na kitu ndani.

Siku ya 31

Msomaji wangu wa kwanza amerudisha sura saba. Amesomea fizikia, na ndiyo sababu nilimwomba yeye.

Amelipiga mstari mwekundu tukio la kiti. Nililipenda sana. Mgeni anaingia ofisini, anapita katikati ya watu, anakisalimu kiti kitupu kwa adabu, kwa sababu macho yake yanaona joto na aliyekuwa amekalia ametoka sasa hivi. Niliandika hivyo nikijua kwamba Proxima ni nyota ndogo nyekundu na mwanga wake mwingi uko nje ya wekundu tunaouona sisi.

Msomaji ameandika pembeni: nyota ya nyuzi kama 3,000 za Kelvini hung'aa zaidi kwenye mawimbi yenye urefu wa karibu mikromita moja. Joto la mwili wa binadamu liko karibu na mikromita kumi. Jicho lililoumbwa kwa nyota ile halitaona kiti kilichokaliwa. Umelichanganya na kitu kingine.

Nilikaa na hilo siku mbili. Ni kweli, hamna njia ya kulizunguka. Nikalifuta tukio, sura ikabaki na tundu.

Jana usiku nikawakumbuka chatu. Chatu wana vishimo mdomoni vinavyohisi joto la mnyama gizani, navyo si macho. Sayari yangu ina upande wa giza la kudumu. Watu wa upande ule hawana mwanga wowote wa kuonea, kwa hiyo wao ndio watakaohisi joto, na wa upande wa mchana hawatahisi. Kiti kimerudi. Lakini sasa anayekisalimu ni mmoja tu, bibi wa upande wa giza, pekee wa kabila lake ndani ya chombo, na wenzake wa mchana wamezoea kumwona akisalimu vitu vitupu na wamekuwa wakimvumilia kwa miaka 42. Karani wa sura ya 3, ambaye sasa ni mzee mstaafu, ndiye anayemwambia, "Ndiyo, mtu alikuwa hapo. Ametoka sasa hivi." Bibi anakaa chini. Ni mara ya kwanza mtu kumthibitishia.

Tukio hili ni zuri mara tatu kuliko lile la mwanzo, na nimelipata kwa sababu mtu alikataa kuniachia kosa. Nimemwandikia kumshukuru.

Siku ya 38

Nimekwama. Sura ya 9 haiendi.

Jambo lenyewe ni nini? Msomaji amelingoja kwa sura nane. Nimeandika na kufuta majibu manne. Katika la kwanza nyota yao inakufa: zito mno, linaua kicheko chote kilichotangulia. La pili, hawana jambo, walikosea kutafsiri: hilo linamdhulumu msomaji, na linawadhulumu wao pia, maana nimeshasema hawakukosea. La tatu, wanataka maji yetu. Wana chombo kinachovuka miaka ya nuru, na barafu imejaa kwenye vimondo vya njiani. La nne nilikuwa nimelitoa mahali pengine bila kujua, nikalitambua baadaye.

Siku ya 41

Bado.

Siku ya 45

Limekuja.

Kosa langu lilikuwa umoja. Nilikuwa natafuta jambo moja kubwa la ustaarabu mzima. Lakini walioulizwa ni wengi. Hamjambo. Ustaarabu mzima umepokea swali kutoka angani, kila mmoja akajiona ameulizwa yeye. Na kwa jinsi walivyo makini, waliita watu wote, wakakaa mezani, wakaandika.

Chombo kinapotua, nahodha anashuka na mkebe. Ndani mna orodha. Anasema, "Mliuliza. Tumeorodhesha."

Mambo 40,316.

Nimeanza kuyaandika na siwezi kuacha. La 1 ni ugomvi wa mpaka kati ya koo mbili kwenye ukanda wa machweo, umedumu miaka 9,000, yaani 276 ya kwetu. La 58: "Jirani yangu anasema ninakoroma. Sikoromi. Naomba uthibitisho wa mtu wa nje." La 212: "Nakumbuka mwanzo wa wimbo aliokuwa akiimba baba. Mwisho siukumbuki." La 3,118: "Mimi ndiye ninayekoroma. Jirani hajui kwamba najua." La 9,004: "Mama alipofariki nilikuwa nimelala." La 9,005: "Naomba ijulikane kwamba aliyeandika la juu hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyemwambia alale."

Hawataki suluhisho. Wameulizwa kama wana jambo, wamekuja kulisema. Kamati imeandaa wanajeshi, wanasheria na wanauchumi, na kinachohitajika ni kiti, meza na mtu wa kusikiliza. Mkalimani anakaa. Wanapanga foleni.

Nilipoandika neno foleni nilijua hadithi imepona.

Siku ya 58

Sura ya 9, 10 na 11 zimekamilika. Nimezisoma zote kwa sauti mbele ya wasomaji wawili. Kwenye la 58 walicheka, na la 3,118 lilipofika walicheka zaidi, wakiwa wamelisahau la kwanza. Kwenye 9,005 wakanyamaza wote. Sikuhitaji kuuliza chochote.

Sura ya 4 nimeifuta nzima. Ilikuwa ya ujumbe uliotumwa kutoka dishi la redio la Arecibo mwaka 1974 kuelekea kundi la nyota M13, biti 1,679, na jinsi namba hiyo inavyogawanyika kwa njia moja tu, 23 mara 73, ili anayeupokea ajue namna ya kupanga picha. Ni habari nzuri na nimeumia kuitoa. Lakini M13 iko miaka ya nuru kama 25,000 kutoka hapa, na wageni wangu wa karibu walikuwa wanasubiri mlangoni wakati nikiieleza. Kitu kimoja nimekiokoa: mtoto wa miaka 302 anafundishwa na mkalimani kuigawanya 1,679. Haina baki. Anaifanya mara nne mfululizo kwa furaha.

Siku ya 67

Kwa hesabu ya wageni wangu nimeandika hadithi hii kwa miaka sita. Leo nimefika mwisho wa sura ya 12.

Foleni imekwisha. Imechukua muda mrefu, na njiani binadamu nao wameanza kuisogelea. Limebaki la 40,316, lililoongezwa ndani ya chombo. Ni la mtoto. Anakaa, miguu ikining'inia, analisoma mwenyewe: hajawahi kuiona nyota ya nyumbani kwao, wote humo chomboni wanaililia, yeye haimpi kilio, na anaogopa wakijua. Mkalimani anasikiliza mpaka mwisho. Hampi neno la hekima. Anamuuliza tu ni nyota gani anayoipenda, na mtoto anamwonyesha dirishani, kwa aibu kidogo, lile jua linalozama kila jioni.

Kisha mtoto, ambaye amejifunza adabu ya kwetu, anauliza.

"Na wewe, hujambo?"

Nilijua tangu siku ya 1 kwamba swali hili litafika. Sikujua atajibu nini. Nimekaa na ukurasa huo tangu alfajiri. Midomo yake tayari ilikuwa imeshika s ya sijambo. Miaka arobaini na sita ameitafsiri salamu hii, ameieleza kwenye kamati, ameitetea, na katika muda wote huo hakuna aliyemuuliza akangoja.

"Ninalo," akasema.

Mtoto akateremka kitini, akaenda kuuchukua mkebe. Alirudi nao kwa mikono yote miwili. Akafungua ukurasa mpya, akaandika juu kabisa, kwa mwandiko wa mtu ambaye bado anajifunza: 40,317. Akaketi, akainua kalamu, akangoja.

Nimeishia hapo. Jambo lake sijaliandika, wala sitaliandika.

Yaliyobaki: sura ya 2 inasema jibu lilichukua miaka minane, irekebishwe iwe minane na nusu. Umri wa nahodha sura ya 8 haulingani na sura ya 10. Namba za sura zipangwe upya baada ya kuondoka ile ya nne. Bibi wa upande wa giza anahitaji kuonekana mara moja zaidi kabla ya mwisho, pengine kwenye foleni, akimwachia nafasi mtu ambaye hayupo tena. Kesho naanza na huyo.